Mvi za wazee wetu zisiwe hukumu ya kifo

Majuzi niliingia darasani na kifungu cha ufahamu nilichokuwa nimekitunga mwenyewe usiku uliotangulia. Nilikuwa nimechoshwa na vifungu vya ukataji miti na ajali za barabarani, ambavyo wanafunzi wangu wamevisoma hata wakaweza kuyajibu maswali yake kabla ya kuyatazama. Nikaona heri siku hiyo niwachekeshe kidogo. Kwa hivyo nikawaandikia habari za mashindano ya dunia ya ndevu na masharubu.

Walicheka kweli kweli. Walicheka niliposoma kwamba watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, hupanda ndege na kuvuka mipaka mwishoni mwa juma ili ndevu zao zitazamwe na waamuzi. Walicheka zaidi niliposoma juu ya Mmarekani mmoja aliyezisuka ndevu zake zikafanana na kiatu cha kutembelea thelujini. Kicheko hicho kilikatika ghafla pale kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye si msemaji sana, alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, wazee hao wenye ndevu nyeupe namna hiyo, wakirudi kwao hawauawi?"

Darasa zima lilinyamaza. Hakuna aliyemcheka wala aliyemgeukia kwa mshangao. Kila mmoja alijua kijana anauliza nini, na kwa nini anauliza. Nami, pamoja na miaka yangu yote ya kushika chaki, sikuwa na jibu la papo hapo. Kengele ndiyo iliyoniokoa. Makala haya ni jibu langu kwa kijana yule, na ni kwa walimu wenzangu pia, ambao yamkini wameshaulizwa swali kama hilo au wanangoja kuulizwa.

Kwanza nimweleze msomaji habari zenyewe, kwani si hadithi ya kubuni. Mwaka 1947 huko London, katika chumba cha kuvalia cha jumba la michezo liitwalo Windmill, mchekeshaji Jimmy Edwards na wenzake waliunda chama wakakiita Handlebar Club, yaani chama cha wenye masharubu yaliyojipinda kama usukani wa baiskeli. Sharti la kujiunga ni mtu awe na sharubu iliyotoka nje pande zote mbili kiasi cha kuweza kushikwa ncha zake. Ndevu za kidevuni haziruhusiwi kamwe. Wanachama hukutana Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, wakanywa, wakazungumza, wakachangia misaada kwa wasiojiweza, na mara kwa mara wakafunga safari kwenda ng'ambo kushindana na vyama vya wenzao wa Ujerumani na kwingineko.

Mashindano ya dunia yenyewe yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1990 katika kijiji cha Höfen nchini Ujerumani. Tangu hapo yamezunguka: Trondheim huko Norway mwaka 1997, Carson City huko Marekani mwaka 2003, Berlin mwaka 2005, Brighton huko Uingereza mwaka 2007 ambako chama hicho cha London ndicho kilichokuwa mwenyeji, na Anchorage huko Alaska mwaka 2009, ambako David Traver alishinda kwa zile ndevu zake zilizosukwa. Mwaka 2023 yalifanyika Burghausen, Ujerumani. Washindani hugawanywa katika makundi makuu matatu: wenye masharubu, wenye ndevu za sehemu ya uso, na wenye ndevu kamili. Kila kundi lina aina zake. Mtu huitwa jukwaani, waamuzi wakamtazama mbele na ubavuni, wakampa alama, naye akashuka huku anapigiwa makofi. Zilizo nyeupe pepe hazipunguziwi alama yoyote kwa weupe wake. Kinyume chake, picha za mashindano hayo zimejaa wazee ambao weupe huo ndio fahari yao.

Hayo ndiyo niliyowasomea wanafunzi wangu, na hayo ndiyo yaliyomfanya kijana yule aulize alivyouliza. Maana yeye amezaliwa na kulelewa hapa Vitengeni, katika eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi. Hapa kwetu mzee akiota mvi kichwani na kidevuni hangoji kuitwa jukwaani. Huanza kuhesabu ni nani waliomwangalia vibaya mazishini.

Nasema jambo ambalo kila mkazi wa Kilifi na Malindi analijua, na ambalo magazeti yameliandika mwaka baada ya mwaka. Wazee wetu wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Huvamiwa usiku wakiwa wamelala, au hunyemelewa njiani wakitoka shambani. Mapanga na rungu ndizo hutumiwa, na wakati mwingine nyumba huteketezwa mwenyewe akiwamo ndani. Katika kutafuta dalili za uchawi, watu wamekwisha kuziteua mvi kuwa ushahidi. Ndiyo maana katika vijiji vyetu wapo wazee wanaopaka nywele na ndevu zao rangi nyeusi, si kwa urembo wala kwa kutaka kuoa tena, bali ili waweze kufika asubuhi.

Nina jirani ambaye ni hirimu ya marehemu baba yangu. Jina lake nitalihifadhi. Asubuhi moja nilikwenda kwake kuazima jembe, nikamkuta nyuma ya nyumba ametundika kioo kidogo kwenye mwarobaini, ameshika mswaki mkuukuu, anajipaka piko kidevuni. Niliona haya kama mtu aliyemfumania mkubwa wake uchi. Nikataka kurudi nyuma, lakini alikwisha kuniona. "Karibu, mwanangu," akaniambia bila kugeuka. "Ndevu hizi siku hizi zina mdomo. Zinanisema kwa watu." Nikasimama pale nikiwa sina neno. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kutega kanga na kuezeka paa la makuti. Leo anajificha katika uso wake mwenyewe.

Baadaye nilipokuwa nikisoma habari za yule Jimmy Edwards nilikutana na jambo lililonirudisha kwenye kioo kile cha mwarobaini. Edwards alikuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndege yake ilitunguliwa mwaka 1944, uso wake ukaungua, madaktari wakautengeneza upya. Alifuga sharubu ile kubwa ili kufunika makovu. Kwake yeye nywele zilikuwa ngao. Kwa jirani yangu nywele ndizo jeraha, na piko ndiyo bendeji.

Hebu basi tuzilinganishe safari mbili. Mwanachama wa London hufunga mkoba wake Ijumaa, akatia kitana na nta ya kunyooshea sharubu, akawaaga jamaa zake na kupanda ndege. Jumamosi hushindana. Jumapili hurejea, awe na kikombe au asiwe nacho, na Jumatatu huwa na hadithi ya kuwasimulia majirani. Mzee wetu naye husafiri. Husafiri usiku, bila kuaga, akiwa na shuka moja na kitambulisho, kwa kuwa ameletewa fununu kwamba jina lake limetajwa. Huenda kwa binti yake aliyeolewa Mtwapa au Mombasa. Asiye na binti wa kumpokea huenda katika kituo cha Kaya Godoma, katika eneo hilihili letu la Ganze, ambako Chama cha Utamaduni cha Malindi kiitwacho MADCA kimekuwa kikiwahifadhi wazee waliotishiwa maisha kwa tuhuma za uchawi. Huko hulala, hulima kidogo na hungoja. Safari ya mwenzake ni ya siku tatu. Yake haina tarehe ya kurudi.

Je, ndevu za yule na ndevu za huyu zina tofauti gani? Hapa nawaomba wenzangu wanaofundisha sayansi wanisaidie. Unywele haupati rangi yake kwa tabia ya mtu. Katika shina la kila unywele mna seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Umri unapoendelea seli hizo huchoka na kupungua, unywele ukaota bila rangi, nasi tukauona mweupe. Wengine huanza mapema na wengine huchelewa, na jambo hilo kwa kiasi kikubwa hurithiwa kutoka kwa wazazi. Upungufu wa baadhi ya vitamini na maradhi ya tezi la shingoni pia huweza kuziharakisha mvi. Baada ya kutoka, ndevu hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi, ziwe za Mjerumani au za Mgiriama. Hans Langseth, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alipofariki mwaka 1927 ndevu zake zilipimwa zikapatikana kuwa na urefu wa mita 5.33, na leo zimehifadhiwa katika taasisi ya makumbusho ya Smithsonian. Mtu huyo angezeekea hapa Vitengeni, sijui kama zingefika mita moja.

Basi tofauti haimo katika ndevu. Imo katika macho yanayozitazama, na macho hufunzwa. Wenzetu wa Usukuma nchini Tanzania, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wameomboleza vikongwe wengi waliouawa kwa sababu ya kuwa na macho mekundu. Wekundu ule watu waliusoma kuwa ni alama ya uchawi, na kumbe ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe ambacho akina bibi hao wamekipikia maisha yao yote kwa kukosa kuni. Walioadhibiwa waliadhibiwa kwa kuwapikia watoto wao. Huko Kisii hapa nchini, mwezi Mei 2008, watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto katika usiku mmoja kwa tuhuma hizihizi. Usukuma ni macho, kwetu ni mvi. Kila mahali alama iliyoteuliwa ni ile ambayo mzee hawezi kuikwepa, kwa kuwa ni alama ya uzee wenyewe.

Nani basi hunufaika? Swali hili ndilo tulikwepalo mazishini. Kijana akifa kwa kuumwa na nyoka au kwa kuanguka na pikipiki, hutafutwa mzee wa kulaumiwa. Lakini ukichunguza kwa makini, mara nyingi utaona kwamba mzee anayelaumiwa si yule fukara asiye na chochote. Ni yule aliyeshika shamba la ukoo na kukataa kuligawa, au aliyekataa kutia kidole gumba kwenye karatasi ya mnunuzi. Ndiyo maana aghalabu walengwao huku kwetu ni wanaume, ingawa akina mama nao hawakusalimika. Mvi ni kisingizio. Shamba ndilo sababu. Panga likimaliza kazi yake usiku, haipiti miezi mingi kabla vigingi vya mpimaji kuonekana.

Walimu wenzangu wa historia watanikumbusha kwamba hatukuwa hivi. Kwa Mgiriama mzee aliitwa mutumia kwa heshima. Mambo ya nchi yaliamuliwa kayani na wenye mvi. Hata tuhuma za utsai zilikuwa na utaratibu wake: mshukiwa aliitwa barazani, akasikizwa, na yalipokosekana maafikiano ukatolewa kiapo, yaani kiraho. Sisemi kwamba kiraho kilitenda haki daima, wala sitaki kirejeshwe. Nasema tu kwamba hata wakati ule mtu hakuhukumiwa gizani na wapwa zake kwa sababu ya rangi ya kidevu chake.

Tena mkoloni alilijua jambo ambalo sisi tunaelekea kulisahau. Mekatilili wa Menza, mjane na mtu mzima, ndiye aliyewaamsha Wagiriama mwaka 1913 wakatae kodi na kazi za shuruti. Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, nao wakatoroka na kurudi nyumbani mwaka 1914. Serikali ya Waingereza ilipotaka kuuvunja uti wa mgongo wa watu hawa haikuanza na vijana. Mwezi Agosti mwaka huo huo iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, mahali palipokuwa pa wazee. Ilijua kwamba ukishawanyamazisha wenye mvi, waliobaki watakwenda popote watakapoelekezwa. Leo tunajivunia kwamba kaya za Wamijikenda ziliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya turathi za dunia za UNESCO. Miti ya kaya inalindwa na dunia nzima, na wazee waijuao miti hiyo tunawawinda sisi wenyewe. Mkoloni alihitaji baruti. Sisi tumetosheka na uvumi.

Najua wapo watakaonipinga, na wana haki ya kusikizwa. Wa kwanza atasema: "Mwalimu, wewe umesoma ukasahau kwenu. Uchawi upo." Sikukusudia kubishana naye juu ya hilo leo. Namuuliza tu: hata kama angeamini kwa moyo wake wote kwamba upo, ameujuaje kwa kutazama nywele? Na ni nani aliyempa panga la hakimu? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa hadhi na heshima na bila ya kudhulumiwa, na wanapata matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa zamani sana mwaka 1925, hainyamazi kuhusu wasingiziaji: inamfanya mkosaji mtu anayemshutumu mwenziwe kuwa ni mchawi pasipo kupeleka shutuma hizo kwa wenye mamlaka. Wengi wetu tunaijua nusu ya kwanza ya sheria hiyo. Nusu ya pili hatujaisoma.

Wa pili atasema kwamba mashindano ya ndevu ni upuuzi wa watu walioshiba, na kwamba mwalimu wa Ganze, ambako mvua ikikosa mara mbili watoto huja shuleni na njaa, hana sababu ya kuwasomea wanafunzi habari hizo. Huyu namkubalia nusu. Kweli ni mchezo wa walioshiba. Mimi mwenyewe sina hamu ya kumwona babu wa mtu akiwekwa jukwaani apigwe picha kama ng'ombe wa maonyesho. Lakini tuutazame mchezo huo kwa upande mwingine. Mtu anapoweza kuzifanyia mzaha ndevu zake mbele ya umati, ni kwa sababu haogopi. Usalama wake ni mkubwa hivi kwamba anaweza kuuchezea. Sisemi tuige mchezo. Nasema tuutamani ule usalama.

Sasa walimu na wanafunzi wafanye nini? Si sisi tunaoshika bunduki za serikali wala mihuri ya mahakama. Hata hivyo tuna mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuyachunge maneno. Neno "mchawi" linatupwa ovyo katika viwanja vya shule kama mpira wa matambara. Mtoto akimwita bibi kizee wa kijiji kwa jina hilo, mwalimu akacheka au akanyamaza, somo limekwisha kufundishwa. Katika insha nimesoma mara nyingi juu ya "kizee kimoja chenye mvi na macho ya kutisha", na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikisahihisha tahajia tu na kuiacha fikira ipite. Ni kosa langu, na nalitubu hadharani.

Pili, tufundishe sababu za vifo. Mwanafunzi anayejua namna malaria inavyoua, namna shinikizo la damu linavyomwangusha mtu mzima aliyeonekana mzima jana, na kwa nini aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa mganga, ataweza kusema neno moja la maana katika matanga ya kwao. Neno hilo moja huenda likaokoa mtu.

Tatu, tufundishe sheria ya urithi. Vijana wengi hawajui kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, mtu aliyemuua mwenziwe hana haki ya kurithi sehemu yoyote ya mali ya marehemu. Anayemuua baba yake ili apate shamba amejinyima shamba hilo kwa mkono wake. Jambo hili linastahili kuandikwa ubaoni kwa herufi kubwa katika kila shule ya Ganze, Kaloleni, Magarini na Malindi. Na mwanafunzi anayesikia nyumbani kwao minong'ono ya usiku juu ya babu yake asikae nayo peke yake. Amwendee mwalimu anayemwamini, naye mwalimu asimtaje mtoto, bali alifikishe jambo hilo kwa chifu na polisi kabla jua halijatua. Najua jambo hili ni zito, kwani humtenga mtoto na ami zake. Lakini kuna uzito mwingine ulio mbaya zaidi, nao ni wa kukua ukijua kwamba ulisikia.

Nne, tuwarudishe wazee shuleni. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee Duniani. Uamuzi huo ulipitishwa mwaka 1990, mwaka uleule ambao Wajerumani wa Höfen walianza mashindano yao ya ndevu. Katika shule nyingi siku hiyo hupita kama siku nyingine. Napendekeza kwamba kila shule iwaalike wazee wa vijiji vinavyoizunguka, wake kwa waume, wakae viti vya mbele, wapewe chai, na kila mmoja awaeleze wanafunzi jambo moja alijualo: majina ya miti, njia za zamani za kwenda Malindi, mwaka wa njaa aliouona na jinsi walivyouvuka. Wanafunzi wayaandike na kuyahifadhi. Pasiwe na kikombe wala alama. Mtoto aliyeandika daftarini maneno ya mzee hataweza kwa wepesi kuamini kwamba mvi zile zimebeba sumu. Na kijana mwovu atakayetaka kumdhuru mzee huyo atajua kwamba kuna watoto mia tatu wanaomjua kwa jina.

Waliosema penye wazee haliharibiki neno walidhani wazee watakuwapo daima. Hawakutazamia wakati ambapo neno litaharibika kwa sababu wazee wamekimbia.

Sasa nimgeukie kijana wangu wa dirishani. Swali lako, mwanangu, nimelibeba wiki nzima. Jibu ni hapana, hawauawi. Hurudi kwao Jumapili jioni, wakavua viatu na kulala, na ndevu zao zikawa juu ya shuka. Wala si kwamba wao ni watu bora kuliko wewe na mimi. Bara lao nalo, karne chache zilizopita, liliwachoma moto maelfu ya watu, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi, na mahakama zao ndizo zilizotoa hukumu. Waliacha. Waliacha kwa kufunzwa, kwa sheria na kwa kuona haya. Kama wao waliweza kuacha, hakuna kilichoandikwa katika udongo wa Ganze kinachotuzuia sisi.

Jirani yangu hayupo tena hapa. Alihamia kwa bintiye mwaka jana, na mwarobaini ule bado una msumari aliotundikia kioo. Nimempelekea salamu kwamba tarehe 1 Oktoba shule yetu ina kiti chake mstari wa mbele. Amenijibu kwamba atafikiria, ila ameuliza kama itambidi aje na piko. Nimemwambia aiache.